Hanuman, Bharata, Shabari au Vibhishana: umfuate nani katika ibada yako ya kila siku?

Anayeisoma Ramayana kwa nia ya kuabudu, wala si kwa ajili ya kisa tu, hukwama mahali pamoja. Utenzi huu mtakatifu wa Wahindu umejaa watu wanaompenda Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya anayeabudiwa kama Mungu, na kila mmoja anampenda kwa namna yake. Hanuman anavuka bahari kwa ajili yake. Bharata, ndugu yake, anabaki nyumbani. Shabari anangoja porini mpaka uzee unamkuta. Vibhishana anawaacha ndugu zake na kumkimbilia. Wote wanne wanapokelewa. Sasa wewe mwenye kazi, watoto na nusu saa ya sala alfajiri, uige lipi?

Ninayoyasema hapa yametoka katika matini mawili. La kwanza ni la Valmiki, la Kisanskriti, lenye beti zipatazo 24,000 katika vitabu 7. La pili ni la Tulsidas, aliyeanza kulitunga Ayodhya mwaka 1574 kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida wa eneo lile, ili hata asiyejua Kisanskriti aweze kuimba. Pale yanapotofautiana nitataja, kwa sababu visa vingine tunavyovipenda havimo katika lolote kati ya hayo mawili.

Huenda ukauliza mbona Sita, mke wa Rama, hayumo. Kwa waumini wengi Sita ni mungu wa kike Lakshmi mwenyewe, anaabudiwa pamoja na Rama, hivyo sikuona vyema kumpanga katika safu ya waja. Na Lakshmana, mdogo wake Rama, ibada yake ilikuwa kutoachana na kaka yake hata hatua moja. Sisi hatuna Rama wa kuongozana naye njiani.

Vigezo

Kila mmoja nimempima kwa maswali matano. Alikutwa na hali gani, maana ibada yake ilizaliwa humo? Ilimgharimu nini? Leo inaendana na ibada ipi, nyumbani au hekaluni? Ikiharibika, huharibika vipi? Na inamfaa nani? Swali la nne ndilo ninalolipa uzito zaidi. Watu huchagua njia kwa uzuri wake, ilhali kinachowashinda baadaye ni ubaya wake.

Hanuman: utumishi

*Hali iliyomkuta.* Sita ametekwa na Ravana, mfalme wa Lanka. Kikosi cha nyani kilichotumwa kusini kumtafuta kimefika ufukweni na kukata tamaa, kwani bahari iliyo mbele yao ina upana wa yojana 100, kipimo cha kale cha masafa marefu. Hanuman amekaa pembeni, kimya. Ni mzee Jambavan anayemkumbusha nguvu alizo nazo. Wanaomsifu Hanuman kwa ushujaa hulipita jambo hili upesi: nguvu zile zilikuwa zimelala, zikaamka alipoitwa kwa shida ya mwingine.

*Gharama.* Kwanza, mapumziko. Mlima Mainaka unainuka kutoka baharini ili atue juu yake. Anaugusa kwa heshima na kuendelea na safari. Kwa Tulsidas anasema hana pa kupumzikia kabla kazi ya Rama haijakwisha. Pili, kiburi. Huko Lanka anapekua jumba kwa jumba usiku kucha bila kumwona Sita, hadi anawaza kuwa afadhali afe kuliko kurudi mikono mitupu.

Hatimaye anamwona bustanini, na hapa Valmiki anatuonyesha jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko ule mruko wa baharini. Hanuman hamkimbilii Sita. Anakaa juu ya mti na kuwaza aseme lugha gani. Nikisema Kisanskriti cha wasomi, anajiambia, atadhani mimi ni Ravana nimejigeuza, naye ataogopa. Basi anachagua usemi wa watu wa kawaida, kisha anaanza kusimulia habari za Rama taratibu, mpaka Sita anainua uso mwenyewe. Utumishi wa Hanuman unaanzia hapo, katika kumfikiria anayehudumiwa, atakusikiaje na ana hofu gani.

*Ibada inayoendana nayo.* Hanuman Chalisa, sala ya beti 40 inayonasibishwa na Tulsidas, husomwa hasa Jumanne na Jumamosi. Jamii za Wahindu wa Afrika Mashariki, ambao wengi asili yao ni Gujarat, ikiwemo Kutch, nazo zina desturi hiyo. Kitabu cha tano, Sundara, husomwa chote kwa kikao kimoja. Na mikono nayo itumike: jikoni hekaluni, kuosha vyombo baada ya karamu ya sikukuu, kumpeleka mgonjwa hospitali.

*Inavyoharibika.* Kwa bidii isiyotazama inakokwenda. Baada ya kuichoma Lanka kwa mkia wake, Hanuman mwenyewe anashtuka: na Sita je, si ataungua? Anailaani hasira yake kwa maneno mazito. Sita alisalimika, lakini hofu ile ni funzo kwa kila anayejitolea. Unaweza kumuunguza yule yule uliyekuja kumwokoa. Njia hii huharibika pia kwa kutaka malipo. Hanuman aliporudi na habari, Rama alisema hana zawadi inayolingana na wema ule, isipokuwa kumkumbatia. Ambaye kumbatio halimtoshi atachoka mapema.

*Inamfaa* mwenye nguvu na muda, na hasa anayejiona hana thamani mpaka aitwe kwenye jambo.

Bharata: amana

*Hali iliyomkuta.* Mambo yanaharibika yeye hayupo. Yuko kwa mjomba wake, katika nchi ya Kekaya. Mama yake, Kaikeyi, anamdai mfalme Dasharatha ahadi mbili za zamani: Bharata atawazwe, na Rama apelekwe msituni miaka 14. Bharata anaporudi Ayodhya, baba amekufa, kaka ameondoka, na kiti cha enzi kinamngoja yeye. Kosa si lake, lakini faida ni yake. Katika utenzi mzima simwoni mtu ambaye hali yake inafanana zaidi na ya watu wazima ninaowajua: kurithi jambo usilolitaka, na kutazamwa na kila mtu kwa jicho la shaka.

Na shaka ile haimwachi. Guha, mkuu wa Wanishada, watu wa msituni, akiliona jeshi la Bharata likikaribia mto Ganga, anawapanga watu wake kulizuia. Lakshmana akiliona vumbi lake anataka vita. Hata miaka 14 inapokwisha, Rama anamtuma Hanuman atangulie na kumtazama Bharata usoni, aone kama utawala umemnogea.

*Gharama.* Ya kwanza ni kukataliwa. Bharata anamfuata Rama mpaka Chitrakuta, makao yake ya msituni, na kumsihi arudi. Rama anakataa, neno la baba lazima litimie. Bharata anaagiza nyasi za kusha zitandikwe mbele ya kibanda, alale hapo bila kula mpaka akubaliwe. Rama anamkataza hata hilo. Anachopata ni mitalawanda tu, viatu vya mti vilivyonakshiwa dhahabu, ambavyo Rama anavikanyaga na kumpa. Bharata anaibeba kichwani.

Ya pili ni miaka yenyewe. Haingii Ayodhya kukaa katika jumba la kifalme. Anaweka makao Nandigrama, nje ya mji, amevaa magome ya miti, nywele zimesokotana, chakula chake matunda na mizizi. Kila shauri la serikali linaelezwa kwanza mbele ya mitalawanda. Kila zawadi inawekwa hapo kwanza, ndipo ipelekwe hazina. Aliyekaa ofisini miaka michache anajua kazi ya namna hiyo ilivyo: mafaili, malalamiko, mapato, na hakuna anayekupigia makofi. Rama anaporudi, Bharata anamvisha mitalawanda kwa mikono yake mwenyewe, kisha anatoa hesabu. Tazama hazina, anamwambia, tazama ghala na jeshi. Vyote vimekuwa mara kumi, kwa uwezo wako.

Nimekaa hapa kwa sababu Bharata anasomwa vibaya mara nyingi. Anasifiwa kuwa aliukana ufalme, na watu hujifunza kutoka kwake kwamba mcha Mungu aikimbie dunia. Hakuikimbia. Alikana kuumiliki, lakini kazi yake aliifanya yote. Kuna watu wanaovaa magome huku maghala yanaoza. Yeye alivaa magome na maghala yakajaa.

*Ibada inayoendana nayo.* Alfajiri, kabla ya simu na barua pepe, weka kazi ya siku mbele ya picha au paduka, yaani viatu vitakatifu: haya ni yako, mimi naangalia tu. Jioni rudi utoe hesabu, hata kama siku ilikwenda vibaya. Heshima kwa paduka ina mizizi mirefu. Mwanatheolojia Vedanta Desika wa kusini mwa India alitunga beti 1,008 juu ya viatu vya Mungu peke yake. Cha kusoma ni kitabu cha pili, cha Ayodhya. Na ukijaliwa kufika Varanasi wakati wa Dasara, sikukuu ya ushindi wa Rama, siku inayofuata nenda uwanja wa Nati Imli. Jua likizama, waigizaji wa Rama na ndugu zake, wanne kwa jumla, wanakumbatiana kwa dakika chache tu, mbele ya umati ulioanza kujaa saa nyingi kabla.

*Inavyoharibika.* Kwa uchungu. Bharata alimtolea mama yake maneno makali sana, na katika kuagana kule Chitrakuta Rama aliagiza Kaikeyi atunzwe, asikasirikiwe. Naliona agizo hili kuwa gumu kuliko magome na mizizi. Mtu anaweza kuishika amana kwa uaminifu miaka mingi huku moyoni anamhukumu aliyemtwisha. Hatari nyingine iko kwenye zile nyasi za kusha: kutumia mfungo au nadhiri kumlazimisha Mungu. Bharata alikatazwa, naye akatii.

*Inamfaa* mwenye dhamana: mzazi, mkubwa wa familia, mwalimu, mweka hazina wa chama, mwenye duka la urithi. Pia aliyeomba kwa machozi akajibiwa hapana.

Shabari: kungoja

*Hali iliyomkuta.* Ni mwanamke mzee anayeishi kando ya ziwa Pampa, ambalo mapokeo huliweka karibu na Hampi, Karnataka. Aliwahudumia watawa wa ashrama, yaani makao ya watawa, ya mwalimu Matanga. Walipoondoka duniani walimwambia Rama atapita pale, naye ampokee. Basi akabaki.

*Gharama.* Hakuna kinachoonekana kukua. Hana bahari ya kuvuka wala hesabu ya kutoa. Anachuma vyakula vya porini na kuvitunza kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika.

Kisa kinachopendwa zaidi ni kile cha kunazi: anaonja kila moja, chungu anaitupa, tamu anamwekea Rama, na Rama anazila ingawa zimekwisha kuumwa, katika jamii ambayo chakula kilichogusa mdomo wa mwingine huhesabiwa najisi. Kisa hiki hakimo kwa Valmiki wala kwa Tulsidas. Kimetoka katika mapokeo ya baadaye. Nakipenda na sioni ubaya kukisimulia, mradi tusimlishe Valmiki maneno.

Kilichomo kwa Tulsidas kina uzito wake. Shabari anasimama mikono imeunganishwa na kusema yeye ni mtu wa tabaka la chini, tena mwanamke, tena hana akili, atamsifuje Mungu? Rama anamjibu kwamba anatambua undugu mmoja tu, ule wa ibada. Kisha anamfundisha namna tisa za ibada: kukaa na watu wema, kupenda habari za Mungu, kumtumikia mwalimu bila kiburi, kuimba sifa bila hila, kurudia jina lake kwa imani, kujizuia, kumwona Mungu katika ulimwengu wote, kuridhika na kutochungua makosa ya watu hata ndotoni, na kuishi kwa unyofu ukimtegemea yeye. Aliye na moja tu kati ya hizo, anasema, ni mpenzi wake. Anayedhani njia yake ndiyo pekee ayasome maneno hayo mara mbili.

*Ibada inayoendana nayo.* Japa, yaani kurudia jina kwa tasbihi ya punje 108. Kuweka tunda moja mbele ya picha kila siku, lililochaguliwa vizuri. Kufagia mahali pa sala hata kama hakuna mgeni.

*Inavyoharibika.* Kungoja kunaweza kuwa uvivu uliovikwa jina la subira. Shabari aliamka kila siku akachuma. Huharibika pia kwa kudai ishara, mpaka mtu akahesabu kila ndoto kuwa ujumbe.

*Inamfaa* mgonjwa, mzee, anayemuuguza mtu asiyeweza kuachwa peke yake, aliyehamia mji usio na hekalu, na asiyejua neno la Kisanskriti na anaona aibu kuanza.

Vibhishana: kuomba hifadhi

*Hali iliyomkuta.* Yeye ni mdogo wake Ravana. Anamshauri kaka amrudishe Sita, anatukanwa mbele ya baraza, anaondoka na wenzake wanne. Wanafika juu ya kambi ya Rama ufukweni wakiwa bado angani, na Sugriva, mfalme wa nyani, anataka wauawe.

*Gharama.* Nyumba, jina, na kuaminiwa. Wakubwa wa jeshi wanamjadili huku yeye akingoja. Hanuman ndiye anayemtetea. Rama anakumbusha kisa cha njiwa aliyemkirimu mwindaji kwa nyama ya mwili wake mwenyewe, kisha anatamka ahadi ambayo Wavaishnava wa Kitamil, waabudu wa Vishnu, wameijengea sehemu kubwa ya mafundisho yao: anayekuja hata mara moja tu na kusema "mimi ni wako", nampa usalama dhidi ya viumbe wote; hiyo ni nadhiri yangu. Na hata angekuja Ravana mwenyewe, anasema, angempokea.

*Ibada inayoendana nayo.* Fupi kuliko zote: sala moja ya kujikabidhi, kwa maneno yako mwenyewe, na kuirudia kila unapoanguka.

*Inavyoharibika.* Wahindi wana methali kwamba ajuaye siri za nyumba ndiye aliyeiangusha Lanka, na kwa wengi jina la Vibhishana ni jina la msaliti. Anayeiacha familia kwa ajili ya haki anaweza kuishia kufurahia kuanguka kwake. Vibhishana alimlilia Ravana. Na aliposita kumfanyia mazishi, Rama alimwambia uadui huishia kwenye kifo. Mfanyie mazishi yake, ni ndugu yangu kama alivyo ndugu yako. Wanaoipenda njia hii wasiishie kwenye ile ahadi ya ufukweni; wafike mpaka hapa.

*Inamfaa* anayetoka katika jambo baya: ulevi, biashara ya dhuluma, nyumba ya ukatili. Pia aliyejiunga na imani ukubwani na bado anatazamwa kama mgeni.

Kwa hali yako

Ukiwa na nguvu na moyo umetulia, anza na Hanuman, lakini jiwekee mtu wa kukwambia unapounguza. Kama tayari unasimamia watu au mali, usitafute utumishi mwingine wa kuongeza. Mshike Bharata, na kazi uliyo nayo iwe ndiyo sadaka. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa kitandani asijilaumu kwa kukosa vikao vya hekaluni. Shabari hakwenda popote.

Mwenye dhamira inayomchoma aanze kwa Vibhishana, kisha asibaki hapo. Baada ya kupokelewa, Vibhishana alipewa kazi: alimshauri Rama vitani, na baadaye akatawala Lanka. Aliyekosana na ndugu kwa mirathi namshauri asome Bharata na Vibhishana pamoja, kwa kuwa mmoja alibaki na mwingine aliondoka, na wote walikuwa sahihi. Tofauti ilikuwa katika kile nyumba zao zilichowadai.

Na kama umetumika mpaka umekauka, ruhusu miezi michache ya Shabari. Punguza vikao, chukua tasbihi, weka tunda. Nguvu zikirudi utaitwa tena.

Ambaye hajioni popote kati ya hawa afungue kitabu cha tatu cha Tulsidas, mwishoni, pale Rama anapofika kwa Shabari. Asome zile namna tisa kwa sauti, jioni moja baada ya nyingine, na aanze na ile ambayo ataweza kuifanya kesho yake asubuhi.